Plagi za Kumi na Mbili

Jumatatu, 10 Agosti 1981

Plagi nne tena leo. Fundi Mutuma anazitoa, mimi nazisugua kwa brashi ya waya, yeye anapima mwanya wa cheche. Anapima kwa fila, vile vijani vya chuma vyembamba kama wembe. Namba zimechongwa ndogo sana na macho yake yamechoka, kwa hivyo namsomea. Ishirini na tano, ndiyo namba anayotaka. Kijani kipite kikikwaruza kidogo. Kikipita ovyo, anagongesha ncha ya plagi kwenye sanduku la spana, tak, polepole, anapima tena.

Gari hili la miraa lilipokuwa jipya lilitaka mwanya mkubwa zaidi. Lakini Yusuf, kaka yangu, alilipeleka Nairobi likakunwa hedi, kifuniko cha injini, na kuongezwa kabureta ya pili. Injini inabana sana sasa. Fundi anasema cheche ikibanwa hairuki mbali, lazima uisogezee.

Yusuf anabeba miraa. Anayefika Garba Tula kwanza ndiye anayenunuliwa. Wa pili anauza majani.

Shuleni sinyooshi kidole hata nikijua jibu. Hapa uani wanaume wananiuliza na wananingoja nijibu. Napenda. Naona haya kuandika kwamba napenda.

Jumatano, 12 Agosti

Nimesema uongo. Niuandike wote.

Asubuhi fundi alizitazama plagi juani. Nyeupe kama mfupa, na vipele vidogo kwenye ncha. Injini inachemka kwa ndani, akasema. Hedi imekunwa na plagi bado ni za zamani. Anataka za baridi, zile zinazotoa joto haraka. Za Kijapani tunazijua: namba ikipanda, baridi inapanda. Tumekuwa tukifunga za namba sita, nilete za saba.

"Ukikosa za Kijapani usinikisie," akasema. "Hizo za Kiingereza ziko na mambo yake. Kuna chati kwa ukuta wa duka. Isome vizuri."

Nikafika dukani, za Kijapani zimekwisha. Za Kiingereza zipo, za tisa na za kumi na mbili. Na chati ipo, lakini chini yake kuna benchi, na kwenye benchi wanaume watano wanatafuna miraa, vichwa vyao vimefunika nusu ya maandishi. Nikasimama. Ningesema tu, samahani, sogeeni kidogo. Maneno matatu ama manne. Hayakutoka.

Mmoja akasema, "Huyu binti wa Haji anahesabu meno yetu ama nini?" Wakacheka. Mwingine: "Mpe kiti, atuchagulie mchumba." Masikio yangu yakawaka moto. Mwenye duka akauliza, tisa ama kumi na mbili? Nikasema kumi na mbili. Kwa sababu ni kubwa zaidi. Basi.

Fundi alizigeuza mkononi muda mrefu. Akasema kaure yao, ile sehemu nyeupe ya ndani, anaiona ndefu. Akaniuliza, "Umesoma chati, mwalimu?"

Nikasema ndiyo.

Akapima mwanya, akazifunga.

Alhamisi, 13 Agosti

Yusuf amelijaribu gari hadi uwanja wa ndege na kurudi. Limepaa. Alinirushia chungwa. "Dada makanika!" Nilishindwa kulila, nikampa mtoto wa jirani.

Labda nimebahatisha.

Ijumaa, 14 Agosti

Sikubahatisha.

Nilikwenda dukani wanaume wakiwa msikitini. Benchi tupu. Mwenye duka si Mwislamu, hafungi. Nilisoma chati yote mara mbili kwa kidole. Za Kiingereza zinakwenda kinyume. Namba ikipanda, joto linapanda. Tisa ndiyo ilikuwa ya baridi. Nimempa fundi plagi za moto zaidi kuliko zile alizozitoa.

Nilikimbia. Msichana mkubwa hakimbii mjini, lakini nilikimbia. Nikafika uani sala imekwisha, gari bado lipo. Magunia ya miraa yamefungwa, yamefunikwa majani ya mgomba. Yusuf yuko kwenye usukani. Aabo, yaani Haji baba yangu, wajomba wawili, madereva, watu wa mtaani, wote wamelizunguka, wanasikiliza injini. Mjomba Warsame alikuwa anasema ngurumo hiyo ni ya simba aliyeshiba.

Nilisimama mlangoni. Pumzi haipo. Yusuf akaniona, akainua mkono. Angenisikia. Nilihitaji kupita katikati ya wanaume na kusema: mimi ni mwongo, zima.

Niliinua mkono na mimi. Nikampungia.

Akaondoka.

Najichukia. Sina neno lingine, si la Kiswahili, si la Kiingereza.

Jumamosi, 15 Agosti

Yusuf amerudi mchana juu ya lori la mbuzi. Gari linavutwa nyuma kwa mnyororo. Liligonga, likapiga kelele kama bati, likafa kwenye mchanga, mbali na Garba Tula na mbali na sisi. Guracha, yule wanayeshindana naye kufika kwanza, alimpita, akasimama, akampa maji. Hilo la maji ndilo limemuuma zaidi. Mtu akikupita bila kusimama unaweza kumtukana.

Miraa imekauka. Mbuzi wameila kwenye lori, hao ndio wamefaidi.

Turnboy wa Guracha, msaidizi wake wa safari, alipita mbele ya lango letu akipiga kelele: "Yusuf! Simba wako ameshiba mpaka amelala?" Aabo alisikia. Aliingia ndani.

Hooyo, mama yangu, aliniuliza kwa nini sili. Nikasema tumbo.

Jumapili, 16 Agosti

Fundi amefungua hedi. Pistoni ya tatu ina tundu katikati, imeyeyushwa na joto. Alinipa niishike. Kidole changu cha shahada kilipita tunduni mpaka upande wa pili.

Aliinama. Akaokota zile plagi, akazipanga juu ya kitambaa, akanitazama. Hakuuliza. Nilitazama pistoni.

Angeuliza ningesema. Ama ningesema tena nimesoma chati. Sijui. Hilo ndilo linanitisha.

Jumatatu, 17 Agosti

Wanaume wamekaa uani kuamua. Aabo, wajomba, Yusuf, Mzee Kalicha wa msikitini, Guracha pia kwa sababu aliona gari lilipokufa. Mimi na Hooyo tulikuwa tunapeleka chai.

Aabo akamuuliza fundi: plagi hizi alichagua nani?

Nilikuwa nimeshika birika.

Fundi Mutuma akasema, "Nilifunga mimi. Mkono ni wangu."

Hakulitaja jina langu. Jina la msichana halirushwi katikati ya wanaume, naye anajua desturi yetu ingawa si ya kwao. Mjomba Warsame akasema basi huyu amelewa ama amenunuliwa, na akamtazama Guracha. Guracha akaruka kwa hasira. Mzee Kalicha akawatuliza. Aabo, sauti yake ile ya chini: miaka yote hii, Mutuma. Chukua vyombo vyako.

Alivichukua. Sanduku la spana ni zito, hakuna aliyemsaidia. Nilijaza vikombe vyote na sikumwaga hata tone. Heri ningemwaga.

Jumatano, 19 Agosti

Mjini wanasema fundi wa Haji alinunuliwa aue injini. Leo nimesikia sokoni kutoka kwa mama wa maziwa, naye hata haijui plagi.

Nimemwambia Hooyo. Nililia, yeye hakulia. Nikamwomba amwambie Aabo chumbani, kimya kimya.

Akasema, "Jina la Mutuma lilichafuliwa chumbani?"

Nikasema hapana.

"Basi."

Ijumaa, 21 Agosti

Nimesema.

Baada ya sala walikaa tena uani, karibu wote waliokuwepo Jumatatu, ila Guracha. Nilipeleka chai, nikaweka sinia chini, sikuondoka. Aabo akanitazama kama kwamba nimesahau sukari.

Nilisema fundi alinituma nisome chati na sikuisoma. Nilisema nilimdanganya. Kisha, kwa sababu hilo lingetosha kwao lakini si kwangu, nikasema Ijumaa iliyopita nilijua, na nilisimama pale mlangoni, na nikapunga mkono.

Sauti ilikuwa ndogo. Mjomba Warsame alisema, "Anasema nini?" Ikabidi nirudie yote.

Hakuna aliyenipiga. Yusuf aliinuka akatoka, hakuniangalia. Mzee Kalicha alisema mtoto amesema kweli, na wengine wetu tulisema nini Jumatatu? Mjomba Warsame akaanza kutafuta viatu vyake.

Aabo alisema niende ndani. Kisha nikamsikia akimwambia Yusuf, nje, alete gari la jirani, wanakwenda mtaa wa Bula Pesa kwa Mutuma, wote, na Warsame atangulie mbele.

Jumapili, 23 Agosti

Wanaume walikwisha kwenda kwa fundi; leo Hooyo alinipeleka na mimi. Kilo mbili za sukari na majani ya chai, ndivyo tunavyokwenda kuomba radhi. Mama Kendi, mkewe fundi, alipokea, akasema karibuni, akanipa ungo wa maharagwe. Nikachambua.

Fundi alikuwa nje kwa barabara, chini ya lori la mtu mwingine. Alikuja kunawa. Nilimwomba msamaha, neno kwa neno, kama nilivyopanga. Akasema yamekwisha. Akauliza shule inafunguliwa lini, akamwuliza Hooyo habari za mguu wake.

Hooyo akasema Haji anamngoja uani, injini bado imefunguliwa.

Akajipangusa mikono muda mrefu. "Haji nitakuja kumsalimia," akasema. "Hata kesho. Kazi, nimepata hapa."

Hakusema kwa hasira. Akarudi chini ya lori.

Hooyo na Mama Kendi wakaongea juu ya mvua, kama itafika mwaka huu. Maharagwe yalikwisha. Mama Kendi akasogeza ungo mwingine. Nikavuta kigoda karibu.