Niliandika "Alikiri" Mahali pa "Alisema"

Mshauri mpendwa, nisomee mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nimemponza mtu ninayemheshimu kuliko wote kazini, na yeye hajui kuwa ni mimi.

Mimi ni karani katika kiwanda cha kufulia, tunafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, meza yangu iko nyuma ya kioo karibu na stoo na kutwa nzima nanusa sabuni na mvuke, na fundi wetu wa mitambo ni mama mmoja ambaye sote tunamwita Shangazi, ana miaka ishirini na miwili pale, na nikuambie ukweli sijaona mtu wa aina yake, ukimwuliza mashine ina nini hakurupuki, anatega sikio, anaishika kwa kiganja, halafu anakuambia, "Mlio nimeusikia, ufa sijauona. Nadhani ni beringi, lakini andika nadhani, usiandike najua," na siku akikosea anarudi mwenyewe kusema jana nilikosea, hata kama hakuna aliyegundua.

Mwezi uliopita mashine ya kupigia mashuka pasi iliwashwa wakati dada mmoja anaifuta kwa chini, roli ya moto, ile silinda inayonyoosha mashuka, ikamuunguza vidole vitatu, tunashukuru vinapona, na meneja akaniambia nichukue maelezo ya wahusika wote kisha niandike ripoti kwa Kiingereza ya kupeleka makao makuu, kwa sababu huko hawasomi Kiswahili. Shangazi alikuja wa kwanza bila kuitwa, akasimama mbele ya meza yangu mikono ina grisi, akasema, "Kifuniko cha kuzuia mikono isiguse roli nilikitoa mimi saa mbili asubuhi, kilikuwa kimelegea. Nikamwambia msimamizi wa zamu mashine isiwashwe mpaka nirudi na skrubu." Msimamizi naye akasema, "Mimi sikuambiwa." Nikayaandika yote kwenye daftari kwa Kiswahili, neno kwa neno, na hapo sikukosea.

Nilikosea nilipokaa kwenye kompyuta. Shuleni mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akizungushia kalamu nyekundu kila "said", yaani alisema, iliyojirudia, anasema hicho ni Kiingereza cha mvivu, akatukaririsha orodha ndefu ya maneno ya kuweka badala yake, sasa ripoti yangu ilikuwa na "said" kumi na nne nikaona aibu, nikaanza kubadilisha hapa na pale ili ipendeze, Shangazi nikamwandikia "admitted", yaani alikiri, kuhusu kifuniko na "claimed", yaani alidai, kuhusu kumwambia msimamizi, msimamizi nikampa "explained", yaani alieleza, na yule dada aliyeungua, ambaye alinijibu tu nilipomwuliza kama bado anaumwa, nikamwekea "complained", yaani mtu kaungua vidole halafu mimi nikamfanya mlalamishi.

Makao makuu wakaisifu, meneja akatusomea barua pepe yao kwamba ripoti imeandikwa kwa lugha fasaha na mwandishi wake anafikiriwa kupewa ajira ya kudumu, maana mimi bado ni wa mkataba, nikatembea siku nzima kichwa juu. Wiki iliyofuata Shangazi akaja mezani kwangu na bahasha.

"Mwanangu, nisomee hii, Kiingereza chao kinanipita."

Nikamsomea kwamba kwa kuwa amekiri kosa la kutoa kifuniko, na dai lake dhidi ya msimamizi halina uthibitisho, amesimamishwa kazi mpaka kikao cha nidhamu siku ya Alhamisi.

"Nimekiri?" akauliza. "Anayekiri ni aliyekuwa ameficha. Mimi nilibanwa na nani?"

Nikamrudishia barua.

"Basi wameyapindisha huko huko juu," akasema. "Wewe najua uliandika nilivyosema." Akakunja barua, akanipa mkono, akaenda kukabidhi funguo za stoo ya vifaa, tena akamwonyesha mwenzake kila spana inapokaa ili asihangaike.

Kesho yake nilimfuata meneja nikamweleza, akacheka. "Amesema, amekiri, tofauti iko wapi? Kifuniko si alikitoa? Ukiigusa ripoti sasa wataona ofisi nzima haijui kazi, na wewe ajira uisahau." Mshauri, kila nikiona daftari lile nageuza uso. Niwaambie makao makuu kwanza, au nimwambie Shangazi kwanza, au nikae kimya nisubiri Alhamisi, labda atajitetea mwenyewe?

Ni mimi, karani wa nyuma ya kioo.

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu, barua yako ilinifikia Jumatatu na gazeti hili halitoki mpaka Jumapili, ndiyo maana nilikupigia simu palepale kwa namba uliyoiandika kwenye bahasha. Niliyokuambia nayaweka hapa, kwa sababu makarani wanaosoma ukurasa huu ni wengi na orodha kama yako wanayo.

Nilianza kwa kukupa pole, na pole ile ilikuwa ya dhati. Hukumchukia mtu. Ulitaka kuandika vizuri. Lakini kisha nilikugombeza, na nakugombeza tena mbele ya watu: ulipamba maneno ya mtu mwingine kana kwamba ni shuka lako la kudarizi. Kabla sijaanza kazi hii nilikuwa karani wa mahakama miaka kumi na mmoja, kwa hiyo usinidanganye kwamba ni neno moja tu. Ukiandika "admitted" umeshamwambia msomaji kuna kosa na mwenyewe amekubali. Ukiandika "claimed" umemnong'oneza asiamini. Ukiandika "explained" umempa mtu ukweli mkononi hata kabla hajaulizwa swali. Yaani ulifanya kazi ya hakimu, na kesi hukuwahi kuisikiliza. Mwalimu wako alikuwa anafundisha insha za likizo. "Said" haina aibu. Ijirudie mara kumi na nne, ijirudie arobaini, inamwacha kila mtu alivyosimama.

Ukaniuliza kwenye simu, "Sasa msimamizi nimwandikie 'denied'?" Nikakukatalia. Nani alikuwa amemshtaki mpaka akane? Hukutumwa kumwinua Shangazi kwa kumzamisha mwenzake. Yeye naye mpe "said".

Na hili la kusubiri ajitetee mwenyewe, nilikuambia uachane nalo. Atajiteteaje dhidi ya neno ambalo hajui liliingiaje? Nilikutuma kwake kwanza, siku ile ile, ukaseme kwa mdomo wako, kisha uwaandikie makao makuu na kuambatanisha nakala ya kila ukurasa wa daftari. Meneja umpe nakala yake, usimwombe ruhusa.

Ulienda. Ulinisimulia kwamba Shangazi alikuwa uani kwake anaanika nguo, akakusikiliza mpaka mwisho huku ameshika kibanio, akasema, "Kwa hiyo ni wewe." Halafu akaingia ndani, na hukukaribishwa. Ulilia njia nzima, na sikukuambia usilie.

Alhamisi ulisimama kwenye kikao ukayasoma maelezo ya wote kwa Kiswahili kama yalivyo, kisha kwa Kiingereza kisicho na pambo. Afisa kutoka makao makuu akamgeukia msimamizi, akamwuliza kwa mara ya kwanza, maana kumbe hakuna aliyewahi kumwuliza, kama siku ile alizungumza na fundi. Msimamizi akasema, "Alikuja, akaniambia kitu. Mashine zilikuwa zinanguruma, nikaitikia tu." Wote wakamwangalia Shangazi, wakingoja amrukie. Akasema, "Kelele zilikuwepo kweli. Na mimi nilipaswa kuzima swichi kubwa, nisitegemee mdomo. Hilo sikulifanya."

Mdogo wangu, nimekaa na sentensi hiyo tangu uliponisimulia. Mahakamani nilisikia watu wenye shahada na suti, na ni wachache sana niliosikia wakisema ukweli wao wote wakati upepo umeshageuka upande wao. Uliponiandikia kwamba hujaona mtu wa aina yake, hukutia chumvi. Na huyo ndiye "admitted" ingemfaa, kwa sentensi hiyo moja, kwa sababu hapo amekubali kosa lake kweli. Unaona sasa neno lile linakaa wapi?

Amerudi kazini. Wewe umepewa barua ya onyo, na ajira ya kudumu imesogezwa mpaka mwakani. Unauliza kama umepata hasara. Umepata onyo, na unalistahili. Lakini mtu aliyesimama mbele ya mabosi zake akasema, "Neno hili niliweka mimi, yeye hakulisema," huyo namvulia kofia, na ningemwajiri kesho.

Linabaki la mwisho ulilonililia jana, kwamba Shangazi hakusemeshi, ila alipita mezani kwako akakuambia, "Nilikukasirikia, na hasira bado haijaisha. Lakini nataka barua kwenda makao makuu, ya kuomba vifuniko vipya vya roli zote sita. Niandikie wewe, na usiipambe." Unaniuliza alikuwa na maana gani. Maana yake ni vifuniko sita. Chukua daftari, mfuate alipo, andika anavyosema, msomee, umwulize kama ndivyo alivyosema, kisha iandike kwa Kiingereza na uitume leo.