Mafuta ya Kope

Jericho, Nairobi
6 Februari 1994

Shemeji Kavinya,

Leo ni tarehe sita Februari, mwaka wa tisini na nne, nami nimeingia mwaka wa thelathini na moja tangu nilipotoka Mitaboni. Natumai barua hii itakukuta mzima na presha imetulia. Mimi sina ugonjwa ila wa macho, na hayo macho ndiyo yanayonifanya nikuandikie.

Kitonga wa kwetu huko alinipa barua yako kanisani hapa Nairobi. Unasema alipokuja huko Krismasi aliwaeleza kwamba aliniona kwenye mazishi hapa Makadara nikitokwa na machozi tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Na kwamba Nzivo aliposikia alimaliza chakula chake, ndipo akasema, "Kama siku hizi analia, mwambie aje nyumbani."

Nimerudia sentensi hiyo mara nyingi. Siku tulipomzika baba, ni kaka yangu huyohuyo aliyesimama kando ya kaburi akasema asiyeweza kumlilia baba yake asinywe maji ya boma lile. Sikuwa nimelia. Sijui hadi leo kwa nini. Nilichukua koti langu nikaondoka kabla watu hawajapewa chai.

Lakini yale ya Makadara hayakuwa machozi ya kilio. Macho yangu yamekauka. Asubuhi ni kama yamepulizwa mchanga, na upepo ukivuma kidogo yanabubujika. Daktari Magan wa kliniki ya macho hapa Eastleigh alinieleza kwamba ukingoni mwa kope, karibu na nywele zake, mna vitundu vidogo vinavyotoa mafuta. Mafuta hayo hutanda juu ya chozi ili lisikauke. Vyangu vimeziba, mafuta yameganda ndani kama ya nyama iliyopoa kwenye sufuria. Jicho likikauka hulalamika, na likilalamika hutoa maji mengi yasiyolifaa kitu.

Tafadhali mweleze Nzivo hivyo. Sitaki aniite kwa kosa la Kitonga.

Shemeji yako,
Mbithi


Mitaboni
27 Februari 1994

Shemeji Mbithi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mahindi yanataka mvua, mimi nataka magoti mapya, na kaka yako miguu imevimba tena. Mengine ni salama.

Sijamweleza. Mtu wa kusahihisha vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji miaka yote hiyo, sasa unataka kusahihisha na chozi? Chozi ni chozi. Nani atalipeleka maabara?

Nakujua, wewe ukipewa ugali utauliza umepikwa saa ngapi. Sikiliza basi. Mzee huyu amefyeka ile sehemu yako ya shamba juu ya mto, yeye mwenyewe, na miguu hiyo. Kila jioni ananiuliza, "Hajaandika?" Namjibu posta ni mbali. Njoo Pasaka, kabla macho hayajapona. Ukishaketi na kunywa uji, hakuna atakayekuuliza habari za kope.

Nimekulia Mombasa, nikaolewa huku Mitaboni, nikakuta kaka wawili wasiosemezana. Nimechoka kuwa mlango kati yenu.

Ni mimi shemeji yako,
Kavinya


Jericho
20 Machi 1994

Shemeji Kavinya,

Pole kwa magoti, na pole kwa miguu ya kaka. Asilale miguu ikining'inia, aiinue juu ya mto wa kulalia.

Hapa nimekuwa kichekesho cha ploti yetu ya kupanga. Asubuhi na jioni nachovya kitambaa safi katika maji ya moto wa kuvumilika, nakamua, najifunika macho nikiwa nimeyafumba. Kikipoa nakichovya tena, kama dakika kumi hivi, hadi mafuta yalainike. Kisha kwa kidole kilichooshwa nakanda kope polepole kuelekea kwenye nywele zake, ya juu nikishuka, ya chini nikipanda. Mwisho napangusa ukingo. Njoki, jirani yangu, hupita na ndoo yake akiuliza, "Mzee, unachemsha macho ama mayai?" Nikimjibu ni macho, husema nimwachie moja la kukaanga.

Magan anasema nisitumie nguvu wala maji ya kuunguza, na nikisoma nikumbuke kupepesa. Kumbe nikiwa kwenye kitabu huwa nakodoa kama samaki. Anasema pia moshi wa majiko ya hapa unanirudisha nyuma, kwa hiyo baada ya Pasaka nitahamia kwa binti yangu Kavata kule Umoja, anakopikia jiko la stima lisilo na moshi. Barua zitanipata kwa sanduku lilelile.

Pasaka sitakuja. Usinikasirikie. Nikipokewa kwa sababu ya machozi, nitafanya nini yakikoma? Nataka Nzivo anitazame nikiwa na macho yangu ya kawaida, aseme nije au nisije. Msomee barua yangu ya kwanza, na hii pia. Akisema nije, nitakuja Juni.

Shemeji yako,
Mbithi


Mitaboni
24 Aprili 1994

Shemeji Mbithi,

Habari za huko Umoja? Huku tumepata mvua.

Nimemsomea zote mbili, kama ulivyotaka. Amesema uje. Na amesema jambo jingine ambalo amenikataza kuliandika. Anataka kukwambia mwenyewe.

Siku hizi hatoki nje ila akishikwa mkono. Mimi si daktari. Lakini ukiniuliza, Juni ni mbali.

Shemeji yako,
Kavinya


Umoja
12 Juni 1994

Shemeji Kavinya,

Natumai u mzima, na mgonjwa wetu anaendelea kupata nafuu. Nisamehe kukawia. Barua yako ya Aprili nimeichukua sandukuni wiki hii tu, kwa kuwa kutoka huku Umoja sikuwa nikienda posta, na Magan alinitaka nikae mbali na vumbi la barabarani hadi uwekundu uishe.

Umekwisha. Jana nimesoma ukurasa mzima bila kufuta macho. Sitapona kabisa, kitambaa nitakitumia maisha yangu yote kama mtu anavyopiga mswaki, ila mafuta yameanza kutoka.

Nitapanda basi la Jumamosi, tarehe ishirini na tano. Nimemnunulia Nzivo shati la mitumba pale Gikomba, kola yake nzima kabisa. Nilisahau unene wake, nikapima kwa bega langu. Mwambie lile jambo lake alishike, namjia kulisikia.

Shemeji yako,
Mbithi


Mitaboni
19 Juni 1994

Mbithi,

Barua yako imenikuta mjane.

Nzivo alifariki tarehe kumi na saba Mei, asubuhi, nikimpikia uji. Tulimzika Jumamosi yake. Tulimtuma Kitonga kwako Jericho siku hiyohiyo ya kifo, akaulize kwa Kavata ni wapi. Alikuta kufuli. Njoki akamwambia uko Umoja kwa binti yako, lakini nyumba hakuijua. Kitonga alizunguka Umoja siku nzima akiuliza Kavata wa Mbithi. Unajua Umoja. Tulitangaza na redioni, jina lako likiwemo. Siku ya kuzika tukangoja hadi saa tisa, ndipo mchungaji akasema basi.

Lile jambo sasa nitaliandika mimi. Nilipomsomea habari za mafuta ya kope, aliniambia nirudie. Kisha akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie aje na macho yake makavu. Siku ile mimi nililia kwa sababu wazee walikuwa wananitazama. Yeye hakutaka kuwadanganya, na mimi nikamfukuza kwa hilo."

Ningeliandika Aprili, ungekuja Aprili. Nilimtii mume wangu, na sasa sijui kama nilitii vizuri.

Njoo hiyo Jumamosi. Sehemu yako iko, imeanza kuota nyasi tena lakini iko. Uje ukae, shemeji. Boma halina mzee.

Kavinya


Jericho
10 Julai 1994

Shemeji Kavinya,

Pole. Neno hili ni dogo na sina jingine.

Ile Jumamosi nilifika hadi stendi ya mabasi ya Machakos hapa Nairobi. Nilikata tikiti, nikaketi karibu na dirisha, na basi lilipojaa nikampisha mwanamke mwenye mtoto, nikashuka. Nilirudi chumbani kwangu hapa Jericho, na nimekaa wiki mbili nikitafuta namna ya kukueleza bila kukuumiza.

Wewe hukukosea. Alikuomba siri, ukaitunza. Ni mimi niliyesema Juni. Nilitaka kufika nikiwa safi, kama kurasa ninazozisahihisha, na hata uliponiandikia bila kuficha kwamba ni mbali, barua yako ilikuwa imelala sandukuni nami nimejilaza Umoja na kitambaa usoni. Ningekuja Pasaka na macho mekundu, angenicheka. Tungekuwa na wiki sita.

Ile sehemu juu ya mto mpe mwanao mkubwa ajenge, asingoje ruhusa yangu. Shati nalituma kwa mkono wa Kitonga, litamfaa huyo kijana. Na magoti yakikuruhusu, njoo Nairobi. Chumba ni kimoja lakini Njoki ana godoro, na nitakupeleka mwenyewe kwa daktari wa presha. Nitafurahi sana kuketi nawe, unieleze Nzivo alivyokuwa miaka yote hiyo, alichopenda kula, alivyozeeka. Kwa hayo mimi sijui lolote.

Ila huko sitarudi. Si neno la kaburini linalonizuia, hilo amelifuta. Nilikuwa narudi kwake, naye hayupo.

Sitarudi.

Shemeji yako,
Mbithi