Keki ya Neema Nitaioka Mwenyewe

Baba Neema wangu,

Huko uliko kwa Bwana najua hakuna kamati za harusi, kwa hivyo acha nikusumbue kidogo. Binti yetu anaolewa Jumamosi. Kamati imeamua keki inunuliwe Donholm, kwa wenye oveni ya stima. Nimewaambia hapana. Wananijibu, "Mama Neema, kumbuka ile ya pasta."

Kana kwamba nimesahau! Pasta wa kanisa letu alikuwa anahamishwa, nami nikajigamba mbele ya wamama kwamba keki ya kumuaga niachiwe mimi, kwa sababu mimi sipimi kwa kijiko, napima kwa macho. Ulinisihi, "Oka kadogo kwanza, tuonje." Nikakuuliza tangu lini mwanamume akanifundisha jikoni. Nikatia mchanga kwenye sufuria kubwa, sufuria ndogo ya keki ndani yake, makaa juu ya kifuniko. Ilitoka na rangi ya udongo. Nikaifunika kwa aisingi, ile sukari nyeupe ya kupambia, nikabeba.

Kanisani watu walitafuna mara moja wakarudisha vipande sahanini. Mama Loice, mwenyekiti wetu wa wamama, hakunihurumia: "Dada, hii tunakula ama tunafua nayo?" Hata pasta alicheka, leso mdomoni.

Nilirudi nyumbani Mbotela nikiwaka. Njiani nikapitia dukani kwa Mzee Kilonzo, nikamwita mwizi anayeuza unga mbovu, wateja wakisikia.

Nyumbani nilikukuta umetoka tu kazini kiwandani. Uliomba kipande, ukatafuna, ukameza. Kisha ukashusha mkebe wa beking pauda ya kuumulia keki, ukatia kidole, ukalamba. "Mama Neema, hii ni magadi yako ya kupikia mrenda." Ni mimi niliyeyatia humo pauda ilipoisha, kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka ucheke, yaishie hapo. Hukucheka. "Mzee Kilonzo bado hajafunga," ukasema.

Duka lilikuwa hapo tu, lakini siku hiyo nilikawia kufika. Nilimwomba msamaha mbele ya watu, na Jumapili nikasimama kanisani nikakiri kiburi changu. Halafu nikaanza upya. Kila Jumamosi keki moja ndogo, nikipima kwa kijiko, na wa kwanza kuonja ni mimi. Zingine ziliungua, zingine zilizama katikati, na zote ulizila na chai, kipande kimoja kimoja, mpaka siku moja ukaomba kipande cha pili. Nililia, nikasingizia moshi.

Ndiyo maana leo sitishiki. Jana Mama Loice alikuja hadi mlangoni.

"Na ukituaibisha mbele ya wakwe?"

"Nitashika maikrofoni niseme nimekosea, kisha nioke nyingine," nikamwambia. "Mimi nimeshaaibika, Mama Loice, na sikufa. Wewe ikikupata siku moja, utajua pa kuanzia?"

Alisimama pale, mkoba kwapani. Nilidhani atanikemea kwa jina la Yesu. Badala yake akauliza, "Mayai yanatosha? Niko na trei mbili kwangu."

Nimemwambia alete. Lakini kijiko cha kupimia hashiki.

Naishia hapa, mume wangu, makaa yameshika.

Wako mpaka siku ya ufufuo,
Mama Neema