Kipande cha Tindo Kwenye Jicho la Masanja

Jumanne, Genkuru. Mvua imeanza alfajiri na haijakata. Naishukuru, maana imenipa kisingizio cha kutowasha moto.

Ukweli ni kwamba naogopa.

Mnaonisoma hapa mnanijua: mwanamke mhunzi anayeandika mbinu za kazi yake. Nimewahi kuandika kwamba rangi ya chuma isomwe kivulini, jua linadanganya. Nimeandika pia kwamba chuma chekundu kila mtu anakikwepa, kinachounguza watu ni kile kilichorudi kuwa cheusi. Sogeza kwanza mgongo wa mkono, usikie joto, ndipo ukishike. Mbinu moja sikuwahi kuiandika. Hiyo ndiyo niliyoivunja Jumamosi.

Masanja ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, mtu wa Shinyanga, mteja wangu wa siku nyingi. Aliniletea tindo lake la kupasulia mwamba. Ncha ilikuwa butu. Upande wa juu, pale panapopigwa nyundo, chuma kilikuwa kimejikunja pembeni kama uyoga, kina nyufa. Tata, yaani marehemu baba yangu aliyenifundisha kazi hii, hakuwa akipiga tindo la namna hiyo kabla ya kuondoa mikunjo yote. Alisema mikunjo hiyo hukatika vipande na kuruka kama risasi.

Niliiona ile mikunjo. Lakini umeme ulikuwa umekatika, grenda haizunguki, na kusugua kwa tupa kungenila nusu saa. Nikajiambia, mara hii tu.

Nikaifua ncha, nikaizimisha majini. Masanja akainama karibu.

"Dada fundi, hebu lijaribu kwenye jiwe tuone."

Nikapiga mara moja. Nikapiga mara ya pili.

Akajishika jicho la kushoto. Hakupiga kelele. Damu ilikuwa kidogo sana, ikishuka kama chozi.

Bodaboda ikamkimbiza hospitali mjini, mkewe Kabula akiwa nyuma amemkumbatia asianguke. Tangu siku hiyo kila simu ikiita naogopa kuipokea. Nimekuwa nikifunga jicho langu la kushoto na kutembea uani hivyo hivyo, nijue itakuwaje kwake. Jana niligonga nguzo ya mlango.

Leo mchana nikajikaza, nikaenda nyumbani kwao mvua ikininyeshea, maana amesharuhusiwa hospitali. Alikuwa amelala, bandeji usoni.

"Usijali, dada," akasema. "Bahati mbaya tu. Daktari amekitoa kipande. Mwanga nauona, ila watu bado ni ukungu."

Kabula akanipa kiti, akanimiminia uji. Wema ule uliniogopesha kuliko matusi. Ningeweza kunywa, nikaaga, na hakuna ambaye angejua.

"Si bahati mbaya," nikasema. "Kichwa cha tindo kilikuwa kibovu. Nilikiona, nikaona uvivu kukisugua."

Masanja akanigeuzia jicho lake zima.

"Uliniona nimeinama pale?"

"Nilikuona."

"Na hukuniambia nisogee."

"Sikukuambia."

Akageukia ukutani. Kabula akanitoa mpaka mlangoni. "Asante kwa kusema ukweli," akaniambia, bila kunitazama. "Lakini kwa sasa usirudi hapa."

Basi mbinu yenyewe ni hii, naiandika nikiwa nimechelewa. Usipige tindo lenye kichwa kilichojikunja. Hakuna umeme? Tumia tupa. Huna muda? Mwambie mteja arudi siku nyingine. Vaa miwani. Na mteja asimame nyuma yako, mbali, hata akiwa rafiki, hata akikucheka kwamba unaogopa.

Sijui kama Masanja ataona tena vizuri. Sijui watu wakisikia watasema nini, na watasikia tu, Genkuru si kubwa.

Kuna mama wawili wameahidi kuja asubuhi na majembe yao. Nitawasha moto na woga wangu huu huu. Ukinizidi, nitaweka nyundo chini na kuwaambia ni kwa nini.

Nitaweza?