Saa Moja na Dakika Ishirini

Mama yangu mpendwa,

Leo asubuhi karani wa tiketi amenithibitishia kwamba kutoka uwanja wa ndege wa huku hadi wa huko ni kilomita mia tisa na kumi na mbili, na ndege huchukua saa moja na dakika ishirini. Nimemwomba aangalie tena. Akasema, kaka, hata nikiangalia mara kumi, uwanja hautasogea.

Shikamoo. Najua salamu hutangulia, lakini kazi ya gazeti imeniharibu. Mimi mzima. Natumaini mgongo umetulia na cherehani bado inanguruma. Kuhusu macho siulizi, jibu ninalo.

Juzi Dada alinipigia simu. Alisema una mtoto wa jicho, pande zote mbili, na utapasuliwa Jumatatu. Alisema pia umewakataza wasiniambie, kwa kuwa safari ya saa tisa angani itanimaliza bure. Akaniapisha nisimtaje, la sivyo utamnyima chai mwaka mzima. Basi si yeye aliyeniambia, hata kama anayekusomea sasa sauti imeanza kumkwama.

Ningepaswa kujua mapema. Ule mto wa shingo ulionishonea mwaka huu, wa kulalia ndegeni, mshono wake umekwenda upogo. Wewe, uliyeshona sketi za shule za mtaa mzima! Niliuona, nikanyamaza.

Sasa nina la kukiri, na nimeliandika kwa sababu kwenye simu ningelikwepa tena. Safari haijawahi kuwa ya saa tisa. Mwaka wangu wa kwanza huku, uliponiuliza ni mbali kiasi gani, niliona aibu kusema ni karibu na bado siji. Nikataja tisa. Ukanihurumia, nami nikaizoea huruma hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Kila nikija ulinichemshia maji ya kuoga, ukafukuza majirani, ukawaambia mtoto katoka mbali, mwacheni alale. Kati ya siku zangu tatu, moja nzima niliilala bila uchovu wowote, nikisikia chumba cha pili cherehani ikienda polepole ili isiniamshe. Na hapa ofisini mimi ndiye ninayewasahihisha wenzangu tarakimu.

Mito yote minne uliyonishonea ninayo. Hakuna hata mmoja nilioulalia ndegeni. Sijakaa sawa, tunaambiwa tunatua. Ninaikalia kazini. Nisamehe, Mama.

Barua hii inakuja na mpiga picha wetu kwa ndege ya leo alasiri. Mwulize ametoka huku saa ngapi, uhesabu mwenyewe.

Msalimu Dada, na chai yake usiiguse. Ijumaa ninaondoka saa nne asubuhi, ninatua saa tano na dakika ishirini. Usinitandikie kitanda. Jumatatu saa mbili asubuhi tutakuwa pamoja mlangoni kwa daktari, na ule mto wa upogo nitakuja nao, uulalie wewe.

Mwanao,
Kitinda mimba wako