Leseni kwa Jina Langu

Nyalenda, Kisumu
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Mwakio,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto la ziwa. Je, baridi ya Wundanyi bado inamsumbua Mama kifua? Na mguu wako umepona? Mimi na watoto tu wazima.

Barua yako niliisoma mara mbili. Unasema nirudi nyumbani kwa kuwa mume wangu Onyango amefariki, na ujenzi si kazi ya mwanamke. Kaka, sirudi. Acha nikueleze yaliyonipata, ndipo unikasirikie ukitaka.

Unajua miaka tisa nilijenga pamoja na Onyango. Nilianza kwa kubeba maji, nikaishia kusoma ramani, maana macho yake yalikuwa yamechoka. Lakini leseni ilikuwa yake, na alipozikwa ikafa naye. Kamati ya kanisa letu ikataka niwajengee nyumba ya pasta, ila bila karatasi haikuwezekana. Karatasi zenyewe ni mbili: ya serikali, kwamba unajua kujenga, na ya mji, kwamba unaruhusiwa kufanya kazi hiyo hapa.

Shemeji Odera, mdogo wa marehemu, akaja na shauri: tuandikishe jina lake, mimi nifanye kazi. Odera anauza samaki. Mwiko wa fundi hajawahi kuushika. Nilimpa chai, nikamshukuru, nikakataa. Hajakanyaga kwangu tena.

Nikaomba kwa jina langu mwenyewe. Serikali ikamtuma inspekta, mzee asiyecheka. Nikampeleka Katito, kwenye nyumba ya mwalimu niliyoimalizia peke yangu Onyango akiwa kitandani. Akateremsha timazi pembe zote nne kuona kama kuta zimesimama wima. Akagonga lipu kwa kidole huku akisikiliza. Akaniuliza msingi umeenda chini kiasi gani. Nilipomjibu futi tatu, akaagiza pachimbwe kando apime mwenyewe. Niliogopa, sikufichi. Zilikuwa futi tatu.

"Nimewapitisha wanaume kwa kazi mbovu kuliko hii," akasema, akaiweka karatasi dirishani akatia sahihi.

Nilidhani yameisha. Karani wa leseni mjini aliitazama ile karatasi, akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema ni mimi. Akataka barua ya mume, au basi ya shemeji. Nikaenda kukaa kwenye benchi lao. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi nilikuwa pale wakifungua na wakifunga, na kila aliyeniuliza nina shida gani nilimweleza, tena kwa sauti. Hiyo Alhamisi mkubwa wao akatoka chumbani.

"Unataka nini, Mama?"

"Nionyeshe sheria inayosema kontrakta lazima awe mwanamume. Ukinionyesha, naenda nyumbani."

Akamgeukia karani. Karani akaamriwa kuandika leseni, akaanza na "Bwana". Nikamrudishia. Akaandika upya.

Jana tumeanza kuchimba msingi wa nyumba ya pasta. Vibarua wawili wamekataa kuamrishwa na mwanamke, wakaenda zao. Watatu wamebaki, nami nimeshika jembe la nne.

Nauli usinitumie. Ikiwa unayo, panda treni uje uone.

Nisalimie Mama, na wifi yangu mkeo, na mjomba anayefundisha kwaya. Shangazi Wakio, anayesema nimepotea, mwambie najulikana niliko.

Ni mimi dada yako,
Mghoi, mjane wa Onyango,
kontrakta.