Chini ya Utando

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na mapacha bado wanakutoa jasho. Huku mwanangu ameota jino la mbele na anamng'ata kila anayemkaribia, baba yake akiwa wa kwanza.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, tusingeelewana.

Nilipokutumia ujumbe kwamba kidonda cha ulimi wangu si cha kutisha, nasikia ulipiga vigelegele hadi shemeji akatoka bafuni na povu kichwani. Hilo ndilo ninalotaka kukuandikia.

Kazi yangu unaijua juu juu. Wewe husema mimi ni muuza nyama mwenye koti jeupe. Nyama iliyotolewa kwa mgonjwa tunaiweka ndani ya nta, tunaikata vipande vyembamba mno, tunavibandika kwenye kioo na kuvitia rangi. Kisha daktari wetu, tunayemwita Bwana Miwani, huvisoma kwa hadubini. Nyama huja maabara na namba tu, bila jina. Ilipofika yangu, ambayo namba yake niliijua mimi tu, niliwaambia wenzangu nitaikata mwenyewe. Walidhani nina bidii.

Bwana Miwani aliwahi kutueleza jinsi saratani ya ulimi inavyopenya. Alisema seli za juu ya ulimi hukaa zimeshikana, na chini yake upo utando unaozitenga na nyama. Zikiharibika lakini zikabaki juu ya utando, mtu hukatwa kidogo tu akaenda zake nyumbani. Hatari ni pale zinapoachiana. Hubadilika umbo zikawa ndefu, zikaanza kutambaa na kuuyeyusha utando. Alisema hata seli jirani, ambazo haziumwi, hurubuniwa zikazitangulia kuchimba njia. Mwisho wake ni kwenye tezi za shingo. Siku hiyo nilimsikiliza huku natafuna karanga.

Kwenye vipande vyangu vya mwanzo seli zilikuwa zimeharibika, lakini zote zilikuwa juu ya utando. Nilichungulia kabla ya daktari, jambo lisiloruhusiwa, nikaona utando mzima. Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha.

Sasa kaa chini, dada. Kwetu kuna utaratibu kwamba nyama ndogo kama ile ikatwe hadi ndani, maana seli zinaweza kuwa zimevuka mahali pamoja tu. Mimi sikukata hadi ndani. Niliogopa. Niliisimamisha mashine ya kukatia kwenye habari njema, nikampelekea Bwana Miwani vioo hivyo, naye akaandika alichokiona. Yeye hana kosa.

Tangu hapo usingizi umenipaa. Nikimeza mate tu, mkono unakwenda shingoni kupapasa. Jana nikairudia ile nta, nikakata zaidi, nikaharibu vipande kadhaa kwa pupa. Kwenye kioo cha mwisho utando umekatika. Zimepita, dada. Zinashuka kwenye nyama moja nyuma ya nyingine, na nilizitambua kabla hata sijaiweka sawa hadubini.

Hakuna mwingine aliyeziona. Nikinyamaza, Jumatatu watanikata kidogo na nitabaki na ulimi wangu, huku hizo zikielekea shingoni. Nikisema, watachukua nusu ya ulimi pamoja na tezi, na sijui kama mwanangu atanielewa nikimwita. Naogopa yote mawili. Naogopa vibaya sana, na mume wangu bado anashangilia.

Nikishafunga bahasha hii nakwenda kumpa Bwana Miwani kile kioo na kumweleza nilichofanya, hata kama kazi itaishia hapo. Naandika ili wewe ujue, nisije nikarudi nyuma mlangoni kwake.

Ukimaliza kusoma nipigie. Usiniulize habari za ugonjwa. Niache niongee mimi, nawe urekodi kila nitakachosema, hata upuuzi, hata nikikucheka. Nataka mwanangu awe na sauti yangu ya sasa.

Msalimie shemeji, na mapacha wabusu mpaka wakimbie.

Mdogo wako akupendaye,

Kasuku